Vibali vya kiwanda kidogo cha mvinyo Iringa: anza na chumba, lebo ije mwishoni

Nina lebo elfu mbili kabatini ambazo hazitabandikwa kwenye chupa yoyote. Zimeandikwa kilevi asilimia 12, na maabara ilipoupima mvinyo wenyewe ikasoma karibu 14. Nilizichapisha kabla ya sampuli kupimwa, kwa kiherehere tu, kwa kuwa duka moja la mjini lilikuwa limeshaniahidi nafasi. Kwa hiyo hatua hizi nimezipanga kwa namna ambayo hela yako haitatangulia kibali chako.

Karatasi za mwanzo ni nyepesi. Jina la biashara husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, kwa mtandao, na bila namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, husogei. Kisha TIN, namba ya mlipakodi, kutoka TRA, mamlaka ya mapato; namba hiyo hailipiwi. BRELA hiyohiyo ndiyo inayoshughulikia leseni za viwanda. Kiwanda kidogo hupewa cheti cha usajili. Angalia kitu kimoja tu: jina liandikwe vilevile BRELA, kwenye TIN na kwenye mkataba wa pango. Herufi moja ikitofautiana, kila dirisha litakurudisha.

Kabla hujalipa kingine chochote, pita SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo. Wana ofisi mkoani, na wakishakuona na kukutambua wanakuandikia barua ya utambulisho kwenda TBS, shirika la viwango. Mjasiriamali mdogo mwenye barua hiyo huhudumiwa maombi yake ya alama ya ubora bila kutozwa gharama za kuanzia. Wengi wetu huisikia habari hii tukiwa tumeshalipa.

Sasa chumba, na hapa usiwe na haraka. Usajili wa majengo ya chakula na vinywaji ulihamia TBS mwaka 2019, kwa hiyo ukikuta maelekezo yanayokutuma TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, hayo ni ya zamani. Maombi hujazwa kwenye mfumo wa TBS wa mtandaoni, na ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini iko Mbeya. Hakikisha viambatisho vimekamilika, maana Iringa hadi Mbeya si safari ya kufuata fotokopi moja.

Mkaguzi akija haangalii uzuri wa rangi. Anaangalia kama sakafu ina mteremko wa kutoa maji, kuta zinaoshika, madirisha yana nyavu, na choo hakifungukii eneo la kazi. Anataka kuona matunda yakiingilia upande mmoja na chupa zikitokea mwingine, zisikutane njiani. Jiko la nyumbani halipiti, hata liwe safi namna gani. Wafanyakazi wawe na vyeti vya kupima afya. Na uwe na daftari: kila tangi, tarehe, kilo za matunda, sukari iliyoongezwa. Mimi niliulizwa daftari kabla ya kuulizwa maji.

Daftari hilo lioneshe pia matunda yalikotoka. Wachache wana mizabibu yao wenyewe upande wa Isimani, kwenye ukavu unaokaribiana na wa Dodoma. Mufindi usijaribu, ukungu na mvua zitakuozeshea vishada. Wengine hununua zabibu Dodoma, ambako huvunwa mara mbili kwa mwaka, na kuzipakia kupitia Mtera. Kokote unakonunua, dai risiti. Sababu utaiona tukifika kwenye ushuru.

Chumba kikipita, linafuata ombi la leseni ya alama ya ubora. Leseni hutolewa kwa bidhaa: mwekundu ombi lake, mweupe lake, wa rozela lake. Mkaguzi huchukua sampuli mwenyewe kwenye mzigo wako. Kosa langu lilikuwa hapa. Juni na Julai baridi ya huku hulaza hamira. Mvinyo ukatulia, mapovu yakaisha, nikadhani umemaliza kuchachuka. Ulikuwa umelala tu. Joto liliporudi ukaendelea kula sukari na kilevi kikapanda. Usimwite mkaguzi mpaka haidromita, kipimo cha sukari iliyobaki kwenye mvinyo, isome namba ileile siku kadhaa mfululizo, katika chumba chenye joto la kutosha.

Majibu ya maabara yakiwa mkononi, ndipo uende kwa mchapishaji. Lebo ibebe jina la bidhaa, ujazo, kilevi kama kilivyopimwa, jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe, na onyo kwamba haiuzwi kwa walio chini ya miaka 18.

TRA usiwaache mpaka chupa zijae. Mvinyo ni bidhaa ya ushuru, na mtengenezaji anatakiwa kuwa na leseni yao. Peleka maombi wakati chumba kikisubiri ukaguzi. Mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za hapa nchini umewekewa kiwango chepesi kuliko ule wa kutoka nje, na risiti zako za matunda ndizo ushahidi wako. Kiwango chenyewe kiulizie kila Julai, Sheria ya Fedha mpya inapoanza. Pia utaagiza stempu za kielektroniki, ambazo mvinyo umekuwa ukibandikwa tangu Januari 2019. Mteja akiikagua kwa programu ya Hakiki Stempu ikakataa, duka litakurudishia katoni nzima.

Na makapi yaliyobaki usiyapeleke kwa mtu wa kuyachemsha na kuyatonesha. Hiyo ni gongo, na hakuna leseni kati ya hizi itakayokutetea.

Mwisho ni halmashauri. Ukitaka kuuza au kuonjesha pale kiwandani, unahitaji leseni ya vileo, na maombi hupitia Tausi, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri. Ni ya miezi sita, si mwaka kama leseni nyingine za biashara, kwa hiyo iandike kwenye kalenda siku ileile unayoipata. Ritani ya ushuru nayo hupelekwa TRA kila mwezi, hata mwezi ambao hukuuza chupa.