Kabla ya kununua rimoti moja ya vifaa vyote

Kwanza hesabu vifaa: TV, amplifaya, king'amuzi, deki. Rimoti ya vifaa 4 ikikutana na vitano, utabaki na rimoti mbili mezani. Kisha elekeza kila rimoti ya zamani kwenye kamera ya mbele ya simu, ubonyeze kitufe. Ukiona mwanga wa zambarau au mweupe, inatumia infraredi (mwanga usioonekana kwa macho), na rimoti nyingi za pamoja zitaiweza. Usipouona, huenda inatumia Bluetooth, kama ya Fire TV Stick, kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye TV ili kutazama video za mtandaoni. Hapo rimoti ya infraredi pekee haitafua dafu.

Chagua yenye uwezo wa kujifunza. Orodha za misimbo (namba za kuioanisha rimoti na kifaa) mara nyingi huwasha kifaa na kupandisha sauti tu, lakini kitufe cha kubadili ingizo la HDMI hakiitikii. Yenye kujifunza hunakili kitufe kimoja kimoja: zielekeze rimoti mbili ana kwa ana, umbali wa sentimita 2 hadi 5, mbali na jua. Betri ya rimoti ya zamani ikiwa dhaifu, rimoti mpya inanakili makosa. Ile ya zamani usiitupe.