Kabla ya masika: kuikinga injini ya pikipiki na maji ya tairi

Ukitaka kujua pikipiki imetembea wapi hapa Pemba, chuchumaa mbele yake utazame kifua cha injini. Udongo mwekundu uliokauka kama plasta baina ya mapezi ya silinda utakwambia imepita njia za mashambani, kwenye vilima vya mikarafuu. Ukungu mweupe juu ya boliti na kutu inayoanza kwenye shingo ya ekzosi vitakwambia inashinda pwani. Na sehemu kubwa ya uchafu huo imeletwa na kitu kimoja tu, tairi la mbele.

Wengi wetu hulikumbuka jambo hili mvua ishafika. Masika hutushika kuanzia Machi mpaka Mei, na vuli hurudi Oktoba mpaka Disemba. Wakati mzuri wa kufunga kinga ni ule wa kaskazi kavu, Januari na Februari, ambapo fundi hana foleni, barabara haijaoza, na wewe mwenyewe una nafasi ya kujaribu na kurekebisha. Ukisubiri mpaka plagi ianze kukata moto njiani, utanunua chochote utakachokikuta dukani na kukifunga kwa haraka. Kinga iliyofungwa vibaya ina hatari kuliko kutokuwa na kinga, na hilo nitalieleza mbele kwa lililonipata.

Anza kwa kuusoma uchafu wako kabla hujanunua kitu. Usiioshe pikipiki. Itazame ikiwa chafu vivyo hivyo, uone tope limefika mpaka wapi. Tairi la mbele likizunguka, upande wake wa nyuma huwa unapanda juu. Maji yanayoshikana na tairi pale linapogusa barabara huachia njiani: yale yanayoachia juu hupiga ndani ya madigadi, ile kinga iliyolifunika tairi kwa juu, na kuishia hapo, lakini yanayoachia chini, kabla hayajafika kwenye madigadi, huruka nyuma moja kwa moja kwenye injini. Pikipiki nyingi za kupakia abiria zinakuja na madigadi fupi, ncha yake ya nyuma imeishia juu mno, na uwazi uliobaki chini ndio mlango wa tope.

Uwazi huo unaweza kuupima kwa uzi. Simamisha pikipiki wima, mtu aikalie ili shokapu zishuke kama ziko safarini. Shika uzi uguse mgongo wa tairi kwa nyuma, uupitishe chini kidogo ya ncha ya madigadi, kisha uuvute mpaka kwenye injini ukiwa umenyooka. Kila kilicho chini ya mstari huo kinapigwa na maji. Kwenye pikipiki nyingi utakuta mstari unapita juu ya plagi. Sasa shusha ncha hiyo kwa kushikilia kipande cha karatasi ngumu, uone ukiongeza shibiri moja mstari unashuka mpaka wapi. Kwa kawaida unashuka mpaka chini ya silinda, na hapo umeshajua urefu wa kinga unayoihitaji bila ya kumuuliza muuza spea.

Kwa nini uwe na wasiwasi na plagi zaidi ya vingine? Kwenye injini za silinda iliyolala, plagi iko kwenye kichwa cha silinda kilichotangulia mbele kabisa, karibu na tairi. Kwenye zile za silinda iliyosimama kama TVS na Boxer, iko ubavuni, lakini shimo inamokaa hukusanya maji vilevile. Vichwa vingi vya silinda vina tundu dogo la kuyatoa maji hayo kwenye shimo la plagi. Tope likiliziba, maji yanabaki ndani, umeme unapita kwenye maji badala ya kurusha cheche, na injini inaanza kukohoa. Mtu anabadilisha plagi, anabadilisha koili, anafungua kabureta, na kumbe dawa ni kijiti chembamba cha waya. Basi kabla ya masika tafuta tundu hilo, lipitishe waya, kisha itazame kofia ya plagi: mpira wake ukiwa umepasuka au umelegea, badilisha. Ni kitu cha bei ndogo sana.

Mapezi ya silinda nayo hayakuwekwa kwa urembo. Injini hizi zinapozwa na upepo, na mapezi ndiyo yanayoupa upepo mahali pa kuchukulia joto. Udongo ukijaa baina yake, injini inavishwa koti. Inachemka, oili inapoteza nguvu mapema, na kwenye mlima ukiwa na abiria na gunia utaisikia inalegea. Hapa ndipo ninapowaomba sana ndugu zangu wanaofunga mfuko wa saruji au kipande cha turubai mbele ya injini ili tope lisipite. Nia ni njema, lakini umezuia tope na upepo pamoja, na upepo ndio uhai wa injini hiyo. Zuia maji pale yanapotokea, kwenye tairi, uache kifua cha injini wazi.

Kinga zenyewe ziko za aina tatu. Ya kwanza, na ndiyo ningenunua kama nina pesa ya kitu kimoja tu, ni ulimi wa kuongezea kwenye madigadi ya mbele. Ya pili ni madigadi ndogo ya ndani inayolikumbatia tairi la nyuma, ambayo huzuia maji yasiipige shokapu, betri na sanduku la chujio la hewa kwa chini. Ya tatu ni bamba la chini ya injini. Bamba hilo huzuia mawe zaidi kuliko maji, na likifungwa bila matundu ya kutolea tope linageuka sinia la kulihifadhi. Kwa wanaopita kwenye mawe lina maana. Kwa anayekwenda Wete na Chake tu kwenye lami, aweke pesa yake kwenye ulimi.

Ulimi unapouchagua, utazame upana kwanza. Uwe mpana kuliko tairi kidogo kila upande, maana maji hayatoki katikati peke yake. Ncha yake ya chini iwe laini, ya mpira unaokunjika. Hili ni la kushikilia. Unaporudisha pikipiki nyuma kutoka kwenye ukingo wa barabara au jiwe la kizingiti, ncha ngumu hunasa, huvutwa chini ya tairi na kuvunja madigadi nzima. Ncha ya mpira hukunjika ikapita. Iache ibaki juu ya ardhi kwa upana wa kiganja hivi. Ukiishusha zaidi itakwangua kila tuta na kila ngazi ya ubao unapoipandisha pikipiki chomboni.

Sasa nafasi baina ya tairi na kinga, na hapa nitakaa kidogo. Kwenye lami, kidole kimoja kinatosha. Udongo wetu mwekundu wa mashamba ni kitu kingine kabisa. Ukilowa unanata kama unga wa chapati uliozidi maji, unalivaa tairi tabaka juu ya tabaka, na usipopata pa kutokea unajaa ndani ya madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Mimi lilinipata. Nilifunga madigadi iliyobana kwa sababu ilikuwa nzuri kwa macho na ilizuia maji vizuri barabarani. Siku moja baada ya mvua nikashuka mteremko wa njia ya shamba, nikaanza kusikia mkwaruzo mbele, nikadhani breki. Hatua chache mbele gurudumu likasimama pale pale, nami nikapita juu ya usukani. Nilivunjika mkono, na namshukuru Mwenyezi Mungu kwamba sikuwa nimepakia mtoto siku hiyo. Tangu hapo, kwa anayeingia njia za udongo, nasema vidole vitatu kwa uchache baina ya tairi na kila kitu kilicho juu yake, na tairi likiwa na meno makubwa ongeza. Maji machache yatakayoponyoka hapo yavumilie. Na ukisikia mkwaruzo, simama, toa udongo kwa kijiti kabla hujaendelea hata hatua kumi.

Kabla ya kufunga moja kwa moja, jaribu mambo mawili. Kata usukani mpaka mwisho kulia, kisha mpaka mwisho kushoto, uone ulimi haugusi shingo ya ekzosi, waya wa spidi wala mpira wa breki. Halafu watu wawili waikandamize mbele mpaka shokapu ziishie kabisa huku wewe umeinama unatazama. Madigadi iliyofungwa chini kwenye foki, ile miguu miwili inayolishika gurudumu la mbele, hushuka na kupanda pamoja na gurudumu, kwa hiyo hatari yake ni ulimi kuikaribia injini. Ile ya juu, ya pikipiki za porini, imefungwa chini ya usukani, na kwake gurudumu ndilo linalopanda kuifuata. Ipate nafasi yake yote, maana shimo la kwanza utakaloliingia kwa kasi litakupimia usichokipima.

Fundi akitoboa, kichwa cha boliti kikae ndani upande wa tairi na kiwe bapa, nati na ncha vikae nje. Nimeona zimefungwa kinyume, ncha ya chuma inalitazama tairi, na kila shokapu inapozama mpira unachanwa. Weka wosha pana kila tundu ili plastiki isipasuke, na nati zenye pete ya nailoni ndani ambazo hazilegei kwa mtikisiko. Ukipata boliti za chuma kisichoshika kutu, lipa tofauti ya bei. Kama ulimi wako ni wa kubandika kwa gundi, safisha mahali pake mpaka pasiwe na mafuta hata kidogo, ubandike, na uiache pikipiki siku nzima kabla ya kuipitisha kwenye maji. Hata hivyo mimi naongeza boliti mbili. Gundi peke yake siiamini kwenye joto letu.

Asiye na pesa ya dukani asikate tamaa. Dumu la mafuta ya kupikia la lita 20, likikatwa ubavu wake uliopinda, linatoa ulimi mzuri na mwepesi, na ncha yake unaweza kuishonea kipande cha mpira wa tyubu kuukuu. Kata kingo ziwe za mviringo na uzisugue kwa msasa. Angalizo lake ni joto tu: plastiki ile huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi, na shingo ya ekzosi ikiwa kazini inapita hapo mbali. Kwa hiyo plastiki ibaki mbali nayo angalau kiganja kizima, hata shokapu zikizama.

Wenye vespa za kizamani hesabu yao ni tofauti. Injini iko nyuma ubavuni, ndani ya kifuniko, na maji ya tairi la mbele huishia kwenye ngao ya miguu. Wao watazame maji ya tairi la nyuma yanayoipiga injini kwa chini, na wasizibe kamwe matundu ya kifuniko yanayoingiza upepo wa feni.

Chumvi nayo ina njia zake. Ukishuka Tumbe alfajiri kuchukua samaki, maji yanayovuja kutoka kwenye tenga huanguka kwenye tairi la nyuma, nalo huyatawanya kwenye cheni, rimu na matako ya injini. Hapo ulimi wa mbele haukusaidii. Weka chini ya tenga sinia la plastiki lenye mdomo wa kumwagia pembeni, mbali na gurudumu, na urudipo osha kwa maji ya mfereji siku ile ile. Injini iache ipoe kwanza, na usielekeze maji ya pampu kwenye beringi, sili za foki au tundu la ekzosi. Ikikauka, tia oili kwenye cheni.

Maji ya kina ni suala jingine, na madigadi yoyote ile haihusiki nalo. Yakikaribia mlango wa chujio la hewa, shuka usukume, au rudi. Pikipiki ikizimikia majini usiipige kiki. Maji yakiwa yameingia kwenye silinda hayakubali kushindiliwa, na kinachopinda ni koni rodi, ule mkono unaoishika pistoni. Fungua plagi, zungusha injini taratibu yatoke, kisha tazama oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwage yote utie mpya kabla hujawasha.

Kinga ikishafungwa, ipe jaribio lake. Osha injini ikauke, pita barabara yenye maji kwa mwendo wako wa kila siku, halafu chuchumaa pale pale ulipochuchumaa siku ya kwanza. Tope jipya litakuonyesha pa kuongeza na pa kupunguza. Baada ya juma moja kaza boliti zote tena, kwa sababu plastiki hujikalisha na boliti hulegea. Mbili za akiba zitie chini ya kiti pamoja na kofia moja ya plagi, kijiti cha waya na spana inayozifaa.