Mafao yakitaka kukatwa Uingereza: namna ya kumwandikia mbunge wako barua yenye uzito

Mume wangu akiulizwa hali hujibu, "Sijambo, alhamdulillah." Mkono wake wa kulia haushiki kitu barabara tangu kiharusi cha 2019, mguu anauburuta, na jibu ni lile lile. Ndivyo tulivyolelewa Tanga. Mgonjwa husema hajambo kwanza, maradhi huyataja baadaye, tena kwa anayestahili kuambiwa. Mkaguzi wa PIP, yale mafao ya walemavu, alipompigia simu mara ya kwanza aliandika kwenye ripoti kuwa muombaji amesema hajambo. Tukanyimwa. Ikabidi tuombe uamuzi uangaliwe upya, na siku za kuomba hivyo ni mwezi mmoja tu tangu tarehe ya barua yao.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu barua nyingi tunazowaandikia wabunge huku zina kasoro hiyo hiyo. Tunasalimu, tunaheshimu, tunasema maisha ni magumu, tunaomba watuhurumie, basi. Mbunge anamaliza kusoma hajui ni nani atakosa nini. Mwaka 2025, serikali ya Keir Starmer ilipotaka kupunguza mafao ya wagonjwa na walemavu, niliandika barua tatu kutoka hapa Birmingham. Ya kwanza ilikuwa ya kulalamika tu, na nilijibiwa kwa maneno ambayo bila shaka wamepelekewa mamia ya watu. Ya pili ndiyo nataka uijue ilivyoandikwa, kwa kuwa mjadala huu haujaisha.

Jua hasa kinachokatwa

Usiandike kwa kusikia kwenye WhatsApp. Mwezi wa Machi mwaka ule kwenye kundi letu la wanawake kila mtu alikuwa na lake: PIP inafutwa, Universal Credit (fedha ya serikali ya kuwasaidia wenye kipato kidogo) inafutwa, wageni wote wanatolewa. Hakuna lililokuwa kweli. Nilikaa na binti yangu tukausoma waraka wenyewe wa mapendekezo, uliotolewa na waziri Liz Kendall tarehe 18 Machi 2025. Jina lake Pathways to Work.

Kulikuwa na makato mawili makubwa. La kwanza lilihusu PIP, fedha anayopewa mtu kwa sababu ulemavu unamtia gharama, awe ana kazi au hana. Sehemu yake ya maisha ya kila siku hupimwa kwa mambo kumi: kupika, kula, kutumia dawa, kuoga, kwenda chooni, kuvaa, kuzungumza, kusoma, kuchanganyika na watu na kupanga matumizi ya pesa. Kila jambo lina alama zake. Ukifikisha 8 kwa jumla unalipwa kiwango cha kawaida, ukifikisha 12 unalipwa cha juu. Pendekezo lilikuwa kwamba kuanzia Novemba 2026 jumla isitoshe tena, lazima upate angalau alama 4 katika jambo moja. La pili lilihusu nyongeza ya ugonjwa ndani ya Universal Credit: kwa waombaji wapya kuanzia Aprili 2026 ishuke kutoka pauni 97 kwa wiki hadi 50 hivi.

Ukishajua hivyo, barua yako inapata pa kushika. Bila hivyo utakuwa unapigana na kivuli.

Kuna jambo moja lililonikera, nawe ulitazame kila watakapotangaza mashauriano na wananchi. Serikali ilifungua mashauriano mpaka tarehe 30 Juni, yenye maswali mengi, lakini ile sharti ya alama 4 haikuwamo kwenye maswali. Watu walijaza fomu wakidhani wametoa maoni juu ya kilichowauma, na kilichowauma hakikuulizwa. Kwa hiyo jaza fomu yao, ni vizuri, lakini mbunge mwandikie pia. Yeye ndiye atakayepiga kura.

Hesabu alama za nyumbani kwako

Chukua ile barua ya uamuzi wa PIP, wengi wetu tunayo kwenye mfuko wa plastiki kabatini pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Ndani mna alama za kila jambo. Za mume wangu ni hizi: kupika 2, kwa kuwa hawezi bila kifaa, kula 2, kwa kuwa lazima akatiwe chakula, kuoga 2, kwa kuwa anahitaji mtu wa kumwosha chini ya kiuno, kuvaa 2, kwa kuwa suruali na soksi namvalisha mimi. Jumla 8. Hakuna 4 hata moja.

Niliposhika kalamu kufanya hesabu hiyo nilihisi baridi mwilini. Kwa mwaka ule kiwango cha kawaida kilikuwa pauni 73.90 kwa wiki. Nami nililipwa Carer's Allowance, pauni 83.30 kwa wiki mwaka huo, kwa kumhudumia saa 35 au zaidi, na fedha hiyo hutegemea yeye kuwa na PIP ya maisha ya kila siku. Ikianguka yake, na yangu inaanguka. Pauni 157.20 kila wiki, na mshahara wangu ni wa saa 12 tu katika jiko la shule, maana muda uliobaki niko naye.

Na tazama upimaji wenyewe. Anayehitaji kuoshwa chini ya kiuno hupata 2. Anayehitaji kuoshwa kati ya mabega na kiuno hupata 4. Kwa sharti lile jipya, wa pili angebaki na fedha zake na wa kwanza angekosa. Hebu niambie, aliyewahi kumuuguza mtu mzima, ni lipi zito kati ya hayo mawili? Swali hilo nililiandika kwenye barua yangu kama lilivyo.

Stara, na kuomba ruhusa

Hapa ndipo kazi ilipo, na sitapita haraka. Kumwandikia mtu usiyemjua kwamba mumeo unamwosha sehemu za siri ni jambo zito kwetu. Nilikaa siku tatu sijamwambia. Nilipomwambia alinyamaza, halafu akasema, "Unaniandika kama mtoto." Nilimjibu kwamba Bungeni wanasema watu kama yeye hawaumwi sana, na sina njia ya kuwaonyesha ila kusema. Tukakubaliana. Choo kisitajwe, jina lake lisitajwe, na barua nimsomee yote kwa Kiswahili kabla haijakwenda. Kuhusu kula aliniambia mwenyewe niandike kwamba sisi hula kwa mkono wa kulia, kwamba huu wa kushoto haukuwa mkono wa chakula maisha yake yote, na kwamba wageni wakija yeye huondoka mezani mapema ili wasimwone anakatiwa nyama. Mimi nisingelifikiria hilo. Ndilo ambalo msaidizi wa mbunge alilitaja tulipoonana.

Basi omba ruhusa kwa anayeandikwa, na mwache achague kitakachosemwa. Ukimzungumzia mzazi aliyepoteza kumbukumbu, kaeni ndugu mkubaliane. Halafu kisemwe wazi. "Anapata shida kuvaa" haina uzito. "Kuvaa suruali kunamchukua dakika ishirini na tano nami nimeshika kiuno chake asianguke" ina uzito. Kanuni za PIP zenyewe zinasema jambo huhesabiwa unaliweza ikiwa unalifanya kwa usalama, inavyotakiwa, mara kwa mara, na bila kuchukua zaidi ya mara mbili ya muda wa kawaida. Kwa hiyo dakika zina maana. Nilitumia saa ya simu, wiki nzima.

Barua yenyewe

Iwe ukurasa mmoja. Juu kabisa weka anwani yako kamili na postikodi, kwa sababu mbunge huwashughulikia wakazi wa jimbo lake, na barua isiyo na anwani huwekwa kando. Kama humjui mbunge wako, tovuti ya Bunge inamtafuta kwa postikodi.

Wengine huniambia, "Mimi sina uraia, nitamwandikia nani?" Mwandikie. Mbunge huwahudumia wakazi wote wa jimbo, si wapigakura peke yao. Tena Mkenya, Mtanzania, Mganda au Mnyarwanda anayeishi hapa kihalali anaweza kujiandikisha na kupiga kura ya ubunge, kwa kuwa nchi zetu zimo katika Jumuiya ya Madola. Mkongo na Mrundi hawana haki hiyo mpaka wapate uraia. Kama unapiga kura, liseme hilo kwenye mstari wa kwanza. (Kama visa yako imeandikwa kwamba huruhusiwi kutumia fedha za umma, usiombe PIP wala Universal Credit bila kupata ushauri kwanza. Kuandika barua ni jambo jingine kabisa.)

Yangu ilianza hivi, nailetea Kiswahili chake:

"Ninaishi katika jimbo lako na ninapiga kura. Mume wangu ana alama 8 za PIP, mbili mbili katika mambo manne. Muswada uliochapishwa tarehe 18 Juni ukipita, wakati wa kupimwa upya atapoteza pauni 73.90 kwa wiki nami nitapoteza 83.30. Naomba uniambie kama utaupigia kura ya ndiyo au ya hapana."

Baada ya hapo zikaja aya mbili za nyumbani: asubuhi yake ilivyo, na mkono wa kulia. Kisha aya moja ya kujibu hoja ya serikali, na hii usiiruke. Serikali ilisema watu wapya elfu moja kila siku wanaingia kwenye PIP na kwamba gharama haibebeki. Usijifanye hujasikia. Niliandika kwamba kama gharama ndiyo tatizo, makadirio ya serikali yenyewe yalisema watu 250,000 zaidi wangeingia katika umaskini, 50,000 kati yao watoto, na hao nao wana gharama zao hospitalini na kwenye halmashauri. Nikaongeza kwamba PIP si fedha ya kukaa bila kazi. Kuna wenye kazi wanaoitumia kulipia teksi ya kuwafikisha huko kazini.

Mwisho ni lile ombi, tena ombi moja. Swali la ndiyo au hapana haliwezi kujibiwa vizuri kwa barua ya kunakili. Iandike kwa Kiingereza chako ulicho nacho. Binti yangu alitaka kuipamba kwa maneno makubwa nikamkataza, nikamwachia tahajia tu.

Angalia kalenda

Mambo ya Bunge huenda polepole halafu ghafla yanakimbia. Muswada ulitoka tarehe 18 Juni na kura ya kwanza kubwa ilikuwa 1 Julai. Wiki mbili, hazikutimia. Barua yangu niliituma usiku wa tarehe 19. Wiki iliyofuata wabunge zaidi ya 120 wa Labour, chama cha serikali yenyewe, walitia saini pingamizi lililoongozwa na Meg Hillier, na kwa yakini yangu wengi wao walikuwa na barua kama zetu mezani.

Ijumaa ya tarehe 27 nilikwenda kuonana na mbunge. Siku hizo za kuonana na wananchi huwa Ijumaa au Jumamosi, na wenyewe huziita surgery, jina lile lile la chumba cha daktari. Piga simu ofisini kwake upange miadi, nenda na barua ya uamuzi na karatasi yako moja. Utapewa dakika kumi, pengine kumi na tano. Asubuhi ile ile serikali ilikuwa imelegeza: wanaopata PIP tayari wasiguswe, sharti liwahusu wapya tu. Msaidizi akanipokea kwa furaha, mama, nyinyi mmesalimika.

Nilishukuru. Kisha nikamweleza habari za jirani yangu, mama wa Bukavu, mgonjwa wa mgongo, aliyekuwa bado hajaomba. Ugonjwa wake na wa mume wangu ungepimwa kwa vipimo viwili kwa sababu ya tarehe tu. Jioni nikaandika barua ya tatu, mistari minne, kuhusu huyo. Ukishasalimika wewe, andika tena.

Tarehe 1 Julai, mjadala ukiendelea, waziri Stephen Timms alisimama akatangaza kwamba kifungu cha PIP kinaondolewa. Muswada ukapita kura 335 kwa 260, wabunge 49 wa Labour wakiupinga. Kato la Universal Credit kwa wapya lilibaki, nalo ni sheria.

Baada ya kura

Majina ya waliopiga kura huchapishwa kwenye tovuti ya Bunge. Mtafute wako. Ukiona alikataa kama ulivyomwomba, mwandikie umshukuru. Ukiona alikubali, muulize sababu, kwa adabu, na ukumbushe barua yako ya kwanza kwa tarehe. Weka nakala zote pamoja.

Suala la alama za PIP limekabidhiwa mapitio yanayoongozwa na Timms huyo huyo, yaliyopangwa kumalizika vuli ya 2026, na walemavu wameahidiwa kushirikishwa. Kwa sababu hiyo nimenunua daftari dogo liko jikoni, limefungwa kamba kwenye mpini wa kabati. Kila Jumapili naandika dakika za kuvaa na za kuoga, na siku ambazo mambo yalikuwa mazuri naziandika pia. Mume wangu hulipitia mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Juzi alinisahihisha: nilikuwa nimeandika dakika ishirini, akakata akaandika thelathini na moja.