Kutoka Airport ya Dar mpaka Posta kwa daladala bila kupigwa bei ya mgeni

Ukitoka tu mlangoni pale Terminal 3 na begi lako kuna watu watatu wanne watakuzunguka, "taksi bosi, mjini bosi", ukiuliza bei unatajiwa elfu arobaini, ukiguna inashuka mpaka thelathini kama vile umehurumiwa. Sikatai, kuna siku taksi ndo jibu na ntafika huko. Ila kama umetua mchana, begi lako ni la mgongoni na hamna anayekusubiri kwa saa maalum, mpaka Posta, yani katikati ya mji, ni kama kilomita 12 tu na barabara ni ile ile moja mwanzo mwisho, Nyerere Road, ambayo wazee bado wanaiita Pugu Road, na daladala zinapita hapo kutwa nzima.

Sasa shida inayowashinda wengi ni kwamba daladala haziingii ndani ya uwanja. Utasimama pale kwenye maegesho mpaka jua lizame hutaona hata moja. Inabidi utoke kwa miguu mpaka barabara kuu, ukitokea Terminal 2 siyo mbali, Terminal 3 ni mwendo kidogo, na kwa jua la saa 7 na begi la kuburuta utaona kama umetembea mpaka Pugu kwenyewe. Mi huwa nikiwa na mzigo nachukua boda mpaka kituoni, lakini zisubirie huko nje ya geti, ndani bei nyingine. Ukifika barabarani usipande la kwanza unaloliona, maana lililo upande wa uwanja linakwenda Gongo la Mboto, la mjini lipo ng'ambo, kwa hiyo vuka, na uvuke kwa akili kwa sababu malori ya barabara ile hayana utani.

Gari lako limeandikwa usoni, soma pale mbele, Kariakoo, Gerezani, Mnazi Mmoja au Posta, yote yanakusogeza mjini. Ukiona G/Mboto na Mwenge, au Makumbusho, hilo likifika TAZARA linakata kushika Mandela Road, halikufai kama unaenda Posta ila kama unaenda Ubungo au Mwenge ndo lenyewe kabisa na linakuokolea kuingia mjini bure. TAZARA utaijua tu kwa lile daraja la juu la Mfugale, lilifunguliwa 2018, kabla ya hapo foleni ya pale ilikuwa unaweza kununua karanga, ukala, ukanunua nyingine na bado hujavuka.

Nauli jua zilipanda mwisho wa 2023, ile ya njia fupi isiyozidi kilomita 10 ikatoka 500 ikawa 600, na kwa huku kwetu tegemea 600 mpaka 800 kulingana na gari linaanzia wapi na linaishia wapi. Usimuulize konda "shilingi ngapi" kwa sauti ya kigeni, muulize abiria wa pembeni, afu mpe konda hela kamili. Narudia, hela kamili. Umetoka kubadilisha dola pale ndani, umepewa noti mpya za elfu kumi kumi, afu unampa konda asubuhi asubuhi noti hiyo kwa nauli ya mia sita, yani umeanzisha kesi gari zima. Nunua maji au vocha kwanza upate chenji. Na kama una begi kubwa la magurudumu konda atataka ulilipie siti, hapo usigombane sana, ana haki yake, limekaa sehemu ya mtu.

Asubuhi kuanzia saa 12 mpaka saa 3 magari ya mjini yanafika Airport yameshajaa tangu Gongo la Mboto, watu wamesimama mpaka mlangoni. Wenyeji wanachofanya ni kugeuza, unavuka upande ule mwingine unapanda gari linalorudi Gongo la Mboto, unakaa siti yako vizuri, likifika mwisho linageuka na wewe ndani. Unalipa nauli mara mbili lakini unaenda mjini umekaa dirishani kama mbunge. Kwa mtu aliyetoka safarini na hana haraka mi naona ndo njia ya maana kuliko zote, ila mtu hakuambii mpaka umeshakanyagwa.

Ndani ya gari begi weka mbele mapajani, simu usiichezee dirishani hasa gari likiwa limesimama kwenye foleni, maana vibaka wanapita nayo na dereva hawezi kumkimbiza mtu. Ukikaribia kushuka paza sauti, "shusha" au gonga bodi, ukinyamaza unapitilizwa, na hapo usimlaumu konda.

Gari likiishia Kariakoo na wewe unaenda Posta hujapotea, kutoka Gerezani, kituo cha hapo hapo Kariakoo, boda ni fasta, au kama huna mzigo piga mguu kupitia Mnazi Mmoja. Anayewahi boti ya Zanzibar aulizie Posta ya Zamani, siyo Posta Mpya, bandarini ni hapo karibu na lile kanisa la Mtakatifu Joseph. Tiketi kata kwenye ofisi zao, siyo kwa anayekufuata barabarani anakuita mjomba.

Usiku mambo mengine. Kuna ndege zinatua saa 8 usiku, saa 9, hapo daladala sahau, na kutembea na mabegi mpaka barabara kuu saa hizo usijaribu. Ita gari kwa app, au kaa humo humo ndani mpaka kupambazuke. Pia kama mko watatu na mabegi, pigeni hesabu, app mkigawana haiumi.

Kurudi airport ndo penye presha. Kariakoo au Posta panda la Gongo la Mboto, Pugu au Chanika, shukia Airport, na safari hii unashuka upande wa uwanja huna haja ya kuvuka. La Kinyerezi usilidandie kichwa kichwa, mengi yanapita Tabata. Jioni kuanzia saa 10 watu wanapandia madirishani, foleni haisogei, na awamu ya tatu ya mwendokasi imepangiwa njia hii hii kwa hiyo vituo vimehamahama, usitegemee pale ulipopandia mwaka juzi. Mi niliwahi kutoka Kariakoo saa 11 jioni nikiwahi ndege ya Mwanza ya saa 2 usiku, saa 1 na robo ndo niko TAZARA, nikashuka, begi nikampa boda akaliweka mbele, nikaingia wa mwisho jasho linanitoka mpaka kwenye soksi. Tangu siku hiyo nikiwa na ndege ya jioni natoka mjini saa 8 mchana, bora nikapige miayo kule.

Terminal nayo angalia kwenye tiketi kabla hujatoka nyumbani, kawaida safari za nje ni Terminal 3, ile iliyofunguliwa 2019, za ndani ni 2, na vile vindege vidogo vya kwenda mbugani ni Terminal 1 ambayo geti lake ni jingine kabisa, mwambie konda mapema.

Na nyie mnaotoka mikoani mkashukia stendi ya Magufuli Mbezi, msiingie mjini ili mtoke tena. Ulizia gari la kupita Kinyerezi litokee kituo cha Banana, kwenye hiyo hiyo Nyerere Road, ukifika Banana Airport ni pua na mdomo.