Kabla Hujawinda Kelele kwenye Pawa Saplai: Mambo ya Kuzingatia

Kabla hujashika pasi ya kulehemu, hakikisha kwanza kwamba kelele unayoitafuta, yaani mitikisiko ya umeme isiyotakiwa na si sauti, ipo kweli. Nawaambia hivi mafundi wenzangu wanaoshughulika na pawa saplai za swichi, yaani zile ambazo transista yake huwaka na kuzimika maelfu kwa maelfu ya mara kila sekunde, kwa sababu wengi wetu tunakimbilia kubadilisha vipuri ambavyo havina kosa lolote.

Anza na yaliyo dhahiri. Kapasita ya elektroliti iliyovimba kichwa, itoe; isiyovimba nayo usiiamini hadi uipime, kwani hukauka ndani na ukinzani wake ukapanda huku sura ikibaki nzuri. Kaza viunganishi. Pima bodi ikiwa na mzigo wake halisi.

Ikiwa saketi inachukua umeme wa ukutani wa volti 230, usipeleke probu ya kawaida ya oskiloskopu (chombo kinachochora volti kwenye kioo) upande wa praimari wa transfoma, yaani ule unaopokea umeme wa ukutani. Kibanio cha erthi cha probu kimeungana na erthi ya jengo kupitia oskiloskopu, ilhali upande ule, umeme ukishapita kwenye dayodi, hubeba takriban volti 325. Ukikibana pale utapiga shoti. Bodi inayopimwa ipitishe kwenye transfoma ya kutenganisha. Wako wanaokata waya wa erthi wa oskiloskopu ili kukwepa shida hii, nami nakukataza kabisa, kwa kuwa kasha la chombo litabeba umeme na wewe ndiye utakayeligusa.

Jambo lililonigharimu mimi ni ule waya mdogo wa erthi unaoning'inia kwenye probu. Nilikuwa nimemtengenezea mteja kigeuzi cha kushusha volti 24 za betri za sola hadi volti 5, kwa kutumia LM2596, chipu ya kushusha volti ambayo huwaka na kuzimika kwa kilohezi 150, ili kiendeshe kipimo cha maji kwenye tangi. Namba za kipimo zikawa zinarukaruka, na nilipotazama kwenye oskiloskopu nikaona miiba, yaani michomo mifupi ya volti, ya karibu milivolti 400. Nikaongeza kapasita, miiba ikabaki. Nikabadilisha koili, ikabaki. Nikachora bodi upya nikaiagiza kutoka China, mteja akangoja wiki tano, na bodi ilipofika miiba ilikuwa ileile kwa urefu uleule.

Mzee mmoja wa karakana ya jirani akaichukua probu yangu, akabana ncha yake kwa kibanio chake chenyewe cha erthi, kisha akavigusisha vyote viwili kwenye negativu ya bodi. "Fundi, sasa unapima nini?" akaniuliza. Ncha na erthi zilikuwa zimegusana, kwa hiyo kioo kilipaswa kuonyesha mstari mtupu, lakini miiba ilikuwa palepale.

Waya ule wa erthi wa sentimita 15 una induktansi (tabia ya kupinga badiliko la mkondo) ya takriban nanohenri 150, nayo ikikutana na pikofaradi kama 12 za probu, hutetema karibu na megahezi 120 kila swichi inapogeuka. Zaidi ya hayo, kitanzi chake hunasa sumaku inayovuja kutoka kwenye koili. Basi vua kofia ya probu, zungushia springi fupi ya erthi kwenye shingo yake badala ya waya ule, na uguse miguu ya kapasita ya upande wa kutolea moja kwa moja. Nilipofanya hivyo, miiba ilishuka hadi milivolti 40 hivi. Tatizo la mteja lilikuwa waya wa kihisi uliopita juu ya koili, na kuuhamisha sentimita 6 kulitosha.

Kwa hiyo fanya jaribio la mzee yule kila mara, kabla ya kipimo chochote. Miiba ikibaki hata baada ya kutumia springi, hapo ndipo uiamini, na uanze kwa kusogeza kapasita ya seramiki ya upande wa kuingizia karibu kabisa na swichi na dayodi. Ukitaka kuweka resista na kapasita za kutuliza mtetemo, usibahatishe: ongeza kapasita ndogo sambamba na dayodi hadi masafa ya mtetemo yapungue kwa nusu, kisha ugawe thamani uliyoongeza kwa tatu, nawe utapata kapasitansi iliyokuwa imejificha kwenye saketi.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na uandike. Ile kapasita ndogo ya usalama inayovuka kati ya praimari na sekondari (upande wa kutolea) isibadilishwe kwa yoyote uliyoikuta kwenye droo, maana ikifa kwa shoti, umeme wa ukutani utafika mikononi mwa mtumiaji. Na kapasita kubwa ya praimari ipime kwa mita kabla ya kuingiza kidole, hata kama plagi imechomolewa tangu asubuhi.