Kabla hujaja Moro kupanda Uluguru, soma hii kwanza

Morogoro wenyewe tunaiita Mji Kasoro Bahari, na mtu akishakaa Moro siku mbili tatu anaelewa kwa nini, maana kila kitu kipo, mto unapita katikati ya mji, matunda hayaishi, na milima ya Uluguru iko hapo hapo juu ya paa za nyumba yaani unaamka unafungua dirisha unaiona. Sasa ukaribu huo ndo unawaponza wageni. Mtu anaona mlima uko karibu, anashuka kwenye gari saa tano asubuhi na ndala mguuni, anaulizia boda wa kumpeleka Morningside huko mlimani, saa nane mvua imemkuta njiani hana hata mfuko wa nailoni wa kufunikia simu. Nimewaona wengi sana wa hivo na nawaonea huruma kwa kweli, kwa sababu safari yenyewe ni nzuri mno, inaharibika tu kwa vitu vidogo ambavyo ungevijua toka nyumbani.

La kwanza kabisa ni mvua, na hapa ntakaa kidogo. Masika kwetu ni Machi mpaka Mei, vuli ni kama Oktoba mpaka Disemba, kwa hiyo kama unataka kupanda kwa raha njoo Juni mpaka Septemba. Ila usichukulie Uluguru yote kama kitu kimoja. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi unagonga kwanza upande wa mashariki, huko Kinole, Mkuyuni, Matombo, unapanda, unapoa, unamwaga maji yake pale pale, ndo maana Kinole unaweza kukuta mvua hata kiangazi na kila kitu ni kijani, migomba, mananasi, pilipili manga, karafuu. Ukizunguka nyuma upande wa magharibi kule Mgeta kunakuwa kukavu zaidi. Kwa hiyo ukimpigia mtu wa Mgeta akakwambia huku jua kali, usidhani na Kinole ndo hivo hivo, mpigie wa Kinole. Ukoo wa Kingalu wenye asili yao Kinole toka zamani walikuwa wanasifika kwa kuita mvua, na soko kuu la mjini limepewa jina la Chifu Kingalu, watu wa huku mvua kwao sio stori za hali ya hewa tu.

Halafu hata kiangazi, mlima una tabia yake. Asubuhi vilele vinakuwa wazi, ikifika mchana mawingu yanakuja kukaa juu na huoni tena kitu. Vilele vya Lupanga na Bondwa vyote vinapita mita 2,000, mji uko kama mita 500 tu kutoka usawa wa bahari, na kila unapopanda mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6, sasa we piga hesabu, umetoka mjini unatoka jasho umefika juu ya Bondwa kwenye minara ya mawasiliano umelowa na upepo unakupiga. Sweta muhimu, koti la mvua muhimu. Na muda wa kuanza kutembea ni saa kumi na mbili asubuhi, sio saa tatu. Kama unaenda Bondwa hesabu siku nzima kwenda na kurudi, kama ni Morningside tu, pale kwenye nyumba ya zamani ya Wajerumani, nusu siku inatosha na hata watoto wakubwa wanaweza.

Viatu sasa. Udongo wa huku ukilowa unateleza kama sabuni, na raba za kutokea zile zenye soli laini hazishiki kabisa. Mi mwenyewe mwaka fulani nilipanda mwezi wa nne nikiwa na raba nzuri tu za mjini, kushuka ikawa shida, nilianguka nikaumia kifundo cha mguu na aliyenisaidia ni mama mmoja aliyekuwa anatoka shambani kwake, akanipa fimbo ya mwanzi akanitangulia taratibu mpaka barabarani huku ananionyesha pa kukanyaga, kwenye mizizi na kwenye majani, sio kwenye udongo mtupu. Toka siku hiyo sipandi bila viatu vyenye meno na fimbo, na hilo la kukanyaga kwenye mizizi nalifuata mpaka leo.

Na hapo kuna jambo ambalo watu hawalifikirii kabisa wakati wa kujiandaa. Njia za kupandia sehemu kubwa zinapita katikati ya mashamba na nyua za watu, sio pori. Waluguru ardhi inafuata ukoo wa upande wa mama, kila kipande unachokiona kina wenyewe hata kama hakina uzio, kwa hiyo ndizi iliyoiva pembeni ya njia sio ya kuchuma, we uliza, utauziwa bei rahisi sana na pengine utapewa bure. Salimia watu. Mzee ukimkuta kakaa nje mpe shikamoo yake usimpite kama mti, na ukitaka kupiga picha ya mtu au nyumba yake omba kwanza. Asubuhi mapema utakutana na akina mama wanashuka kwenda sokoni, mmoja ana mkungu wa ndizi kichwani, shingo imenyooka, mkono mmoja kashika mkungu, mkono wa pili kashika kanga, miguu inakwenda haraka haraka kwenye mteremko maana mzigo ule ukisimama ndo unazidi kuwa mzito. Ukimuona hivo we ndo unayepisha, egemea upande wa mlimani, usisimame katikati ya njia na simu yako.

Msitu wenyewe kule juu ni hifadhi ya mazingira asilia, uko chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo kuna kiingilio na kinalipiwa kwa namba ya malipo ya serikali, fanya hiyo kazi siku moja kabla, usisubiri asubuhi ya safari mtandao ukagoma. Omba na muongoza njia hapo hapo. Nyumba moja ya wageni niliwahi kuwapelekea ndugu zangu wakaahidi wataleta muongozaji, asubuhi hakuna mtu, tukapoteza masaa matatu na kilele tukakikuta kimeshafungwa na mawingu, so usimwachie mtu mwingine, ongea na muongozaji mwenyewe kwa simu jana yake. Pesa taslimu beba, noti ndogo ndogo, kijijini elfu kumi chenji yake ni mtihani.

Kufika sio shida siku hizi. Toka treni ya umeme ianze Juni 2024 watu wa Dar wanakuja asubuhi wanarudi jioni, ila tiketi za Ijumaa na Jumapili zinaisha mapema, kata kabla, na kitambulisho usisahau. Stesheni iko Kihonda, sio katikati ya mji, elewana bei na bajaji kabla hujapanda. Wa basi mnashukia Msamvu.

Kama una siku mbili, ya pili usirudie mlima ule ule. Nenda Mgeta, unafuata barabara ya Iringa unakata Sangasanga, unapita Mzumbe, Mlali, halafu unaanza kupanda, gari iwe ya juu na uliza hali ya barabara asubuhi hiyo hiyo. Kule ni ukungu, kabeji, njegere, stroberi, mashamba yamekatwa ngazi ngazi mpaka juu. Au baki mjini, pale SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, kuna panya buku wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, watoto wanapenda sana, ila wapigie kabla usiende kienyeji. Mikumi nayo inawezekana kwa siku moja, malipo ya getini ni ya kielektroniki, na hata kama unapita tu barabara kuu punguza mwendo, wanyama wanavuka na ukigonga kuna faini.

Taka rudi nazo. Hili nalisema kwa uchungu, maana maji yanayotoka kwenye milima hii ndo yanaingia mto Ruvu, na Ruvu ndo inayonywesha Dar, chupa ya plastiki unayoitupa kwenye kijito pale juu unaitupa kwenye bomba la nyumbani kwako. Chupa moja ya lita moja na nusu uliyopanda nayo ukishaimaliza ni nyepesi, inakaa kwenye begi bila tatizo. Begi lenyewe acha na nafasi kidogo, kwa sababu ukishuka utapita kwa wale akina mama wa asubuhi wameshapanga mafenesi, magimbi na ndizi zao chini, bei ya mchana inakuwa imeshuka, na fenesi zima ukilifunga kwenye mfuko mbili mbili linafika Dar salama, ila usiliweke karibu na nguo.