Kujaza neno lile lile kwenye Excel bila kupesti siku nzima

Kama una listi ya wateja 400 na kila mstari unataka usome Dodoma, usianze kupesti moja moja, utazeekea hapo. Selekti seli zote unazotaka, hata zikiwa zimeachana we shikilia tu Ctrl huku unaklik, andika Dodoma mara moja halafu bonyeza Ctrl na Enter kwa pamoja, zote zinajaa. Ukibonyeza Enter peke yake inajaa moja tu, hapo ndo wengi wanakwama.

Sasa kero yenyewe: umeletewa faili mkoa umeandikwa juu mara moja, chini yake seli tupu 30, halafu mkoa mwingine, yaani aliyeandaa alijali urembo tu. Selekti kolamu ya mkoa kuanzia mkoa wa kwanza mpaka mstari wa mwisho wa data, bonyeza F5, ingia Special, chagua Blanks, OK. Usiklik popote! Andika =, bonyeza mshale wa juu, kisha Ctrl na Enter. Kila tupu inachukua cha juu yake.

Ila hizo ni fomula, ukisoti zinavurugika, kwaiyo kopi kolamu yote uipesti hapo hapo kama Values (yaani maneno yenyewe bila fomula) kwanza.